Usinunue Vazi Nene la Majani

Kimitsu, Chiba,
2 Julai.

Mpendwa mdogo wangu Norio,

Nakusalimu kutoka huku kwenye mvua. Hujambo? Mgongo uliokusumbua kwa kusimama kinyozini siku nzima umetulia? Na shangazi Fusae, bado anakula vizuri, bado anagombana na redio? Kila asubuhi nikiweka wali mbele ya sanamu ya Buddha wetu Amida, jina lake nalitaja kabla ya la mume wangu, naye Isamu hanung'uniki. Sisi tu wazima. Isamu bado anashona mikeka ya tatami, nami bado napika katika jiko la shule, watoto mia mbili na sufuria zilezile.

Barua yako nimeipata. Uliposema mmepata uwanja wa mchezo wa bunduki za plastiki karibu na Londrina, huko kwenu ng'ambo, na kwamba kwa umri wako hutaki kukimbia, unataka kulala chini uwe mdunguaji kama mimi, nilicheka peke yangu. Ukauliza ununue nini. Ungeniuliza mwezi wa nne ningekujibu kwa furaha. Sasa nakujibu kwa kinyaa, nivumilie.

Bunduki chukua ile ya kuvuta kwa mkono, risasi moja moja. Usidanganywe dukani kwamba ya mdunguaji hupiga mbali kuliko zote. Huku kwetu zote hupimwa nguvu asubuhi, na yako hairuhusiwi kuzidi ya jirani. Kinachokusaidia ni punje nzito, yaani hiyo risasi ya plastiki, ambayo upepo hauichezei, na subira. Darubini isiwe kubwa. Yangu ya kwanza ilikuwa ndefu kama mwiko wa shule, na ikipata ukungu naona maziwa matupu. Miwani ya kinga usiifanyie ubahili: jicho halina spea.

Sasa vazi, lile la majani ya kitambaa linalokufanya uonekane kichaka. Muuza duka alinizungusha mbele ya kioo: "Mama, hapa hata mumeo hakuoni!" Akanipa nene kuliko yote, tabaka tatu, na kofia inayoshuka mpaka mabegani. Mzee Kurata, zimamoto mstaafu anayeongoza timu yetu, aliligusa akakunja uso. "Bi Tomoe, umenunua godoro?" Nikamwambia ana wivu.

Norio, vazi lile linanuka. Likishanyonya mvua ya mwezi wa sita halikauki tena. Linanuka kama tambara la sakafu lililosahauliwa ndani ya ndoo, na paka wa jirani ameshaongeza ya kwake. Na milima yetu ina ruba. Unalala kwenye majani yaliyooza saa nzima bila kujitikisa, wao wanapanda. Siku moja nilivua soksi nikamkuta mmoja katikati ya vidole, amevimba kama zabibu. Nilipommwagia chumvi akatapika damu yangu mwenyewe kwenye tatami ya Isamu. Siku tatu sikuweza kutazama maini.

Lakini kinyaa hicho huoshwa kwa sabuni. Nitakachokueleza hakijaoshwa, na katika ukoo sijamwambia mtu ila wewe na Isamu.

Mchezo huu punje haiachi alama. Anayejua kwamba amepigwa ni aliyepigwa, naye hupaza sauti, "Nimepigwa!", akainua mkono akatoka. Mchezo mzima umesimama juu ya neno hilo. Asiyelisema huitwa zombi, mfu aliyekataa kulala. Na ukimshuku mwenzako humsemi mbele za watu. Unamwambia mwamuzi, taratibu. Anayemshtaki mwenzake hadharani hutolewa uwanjani siku hiyohiyo.

Jumapili ya pili ya mwezi wa sita tulicheza na timu ya Bwana Sakuma, tarishi wa posta, mtu mpole anayeinama kwa heshima hata mbele ya mbwa wa watu. Zilibaki dakika kumi. Nilikuwa nimelala chini ya mianzi, yeye akaninyemelea ubavuni, akapiga. Akapiga tena, na tena. Mimi sikuhisi kitu, naapa. Vazi lilimeza punje zote.

"Nimempiga huyo!" akapayuka. "Mara tatu! Mama huyo, kwenye kichaka hicho!"

Mwamuzi akaja. "Mama Hirayama, umepigwa?"

"Sijahisi chochote," nikasema, na ilikuwa kweli.

"Bwana Sakuma, tutaongea mchezo ukiisha," mwamuzi akasema, akarudi nyuma.

Tukaendelea. Sakuma akapiga mara moja tu. Hiyo ilipenya kwenye mwanya wa kofia ikanigonga shingoni, ta!, kama soya iliyokaangwa tunayorusha siku ya kufukuza mashetani. Niliihisi, Norio. Nikanyamaza. Nikavuta bunduki yangu, nikampiga kifuani.

"Nimepigwa!" akasema papo hapo, sauti safi, mkono juu. Akaniinamia kidogo, akatoka.

Tulishinda. Yeye akatolewa kwa kunishtaki hadharani. Akapakia vitu vyake garini mbele ya wote, na wa timu yangu wakamzomea: "Posta, kapime macho!" Mimi nilikuwa na tonge la wali mdomoni. Nikalitema kwenye majani.

Wiki mbili nilichoma ubani mbele ya Amida. Vazi lilikuwa limetundikwa nje, lakini harufu yake niliisikia ndani. La kuvunda halina ubani. Nilijaribu kulilaumu vazi. Ni kweli, lilidanganya mara tatu bila mimi kujua. Mara ya nne nilidanganya mimi. Hata mikono yangu niliichukia ikikata figili za watoto.

Jumapili iliyopita, tunasomewa kanuni, watu arobaini mstarini, nikatoka mbele. Nikasema yote, mpaka lile la shingo. Mzee Kurata alitazama viatu vyake. Nikamwinamia Bwana Sakuma mpaka nikaona kokoto.

"Nilijua, mama," akasema. "Punje kwenye majani hulia pu. Kwenye ngozi hulia ta. Niliisikia."

"Mbona hukumwambia mwamuzi?"

"Siku ile nilishasema kweli mara moja. Ilinitosha."

Afadhali angenitukana. Hakusema amenisamehe, nami sikumharakisha. Mzee Kurata amenipa mwezi mzima wa kukaa nje, nimeupokea.

Jana nimelikata lile godoro kwa mkasi wa jikoni. Nimebakiza wavu mwembamba wa kichwa na mabega, mgongoni shati tupu. Kisha nikalala kifudifudi uani, Isamu akasimama barazani na bakuli la soya, akawa ananirushia moja moja. Kila moja iliyonigonga nikapaza sauti, "Nimepigwa!" Jirani alichungulia akafunga dirisha. Isamu alicheka mpaka soya zikamwagika, mimi nikawa nalia huku uso uko majanini.

Basi usinunue nene. Vaa kwanza, lala chini, mkeo Marlene akurushie maharage. Ukikosa kuhisi hata moja, lirudishe dukani. Na ukihisi, sema.

Mwamkie shangazi Fusae, umshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Msalimie Marlene na majirani wa kinyozini. Amida awafunike nyote kwa rehema yake, mbali na mvua na ruba.

Nijibu upesi, tafadhali, kabla hujaenda dukani.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Tomoe Hirayama