Subili Kidogo

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo huko uliko. Hapa Tunduma malori bado yamepanga foleni ya mpakani, na mimi nimekaa dirishani nacheka peke yangu. Umenichekesha wewe.

Unakumbuka kile kiduka chako cha kuchapa barua pale Vwawa? Ulinikalisha mbele ya kompyuta kuukuu, ukaiwekea mfumo endeshi huria, ule wa bure ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Ulijitolea kuutafsiri kwa Kiswahili, sentensi moja moja, bila kupewa hata soda. Ila lugha yetu ya Kinyiha, inayogeuza "r" kuwa "l", ilikuponyoka, ukaandika "Subili kidogo." Nilipokutania, ukajibu, "Mama, kompyuta imesubili. Wewe ndiye huna subila."

Kisha nikasoma, nikajiona nimefika. Likizo moja nikakwambia siku hizi hatuhangaiki na mifumo; tunapandisha programu kwenye wingu, yaani kwenye seva za kampuni kubwa, inajiendesha. Uliacha chai yako ikapoa. "Kwa hiyo kazi yetu imekwisha?" Nikabadilisha mazungumzo. Ukafariki sijakujibu, na swali lile likanikaa rohoni hadi juzi.

Juzi programu yangu iligoma. Ndiyo inayowapangia wakulima wa kahawa wa kijiji cha Ruanda, huku kwetu, zamu za mashine ya kumenya, na kahawa mbivu ikishachumwa haingoji kesho. Mwenyekiti wao akapiga simu: "Binti, hilo wingu lako limenyesha nini?" Nikaingia kwenye seva yenyewe, kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri ulilonizoesha. Chini ya wingu nikaukuta mfumo wetu uleule. Kwa kukukumbuka nikaubadilisha useme Kiswahili, nikauamuru uanze upya. Ukaniandikia: "Subili kidogo."

Nililia, baba mdogo, halafu nikasubiri. Programu ikarudi, kahawa ikamenywa jioni ileile.

Kampuni haijakutaja popote, na hilo linaniudhi. Hata hivyo moyo wangu umetulia. Jibu lako ni hili: haikwisha. Wingu lao limekaa juu ya kazi yenu.

Faili la tafsiri liko wazi kwa wote. Nimelifungua mara mbili nitoe ile "l" niweke "r". Nimelifunga mara mbili. Atakayetaka kusahihisha na asahihishe, si mimi.

Pumzika salama.

Binti wa kaka yako,
asiye na subila