Mumbere wa mu Filme

Butembo, 3 Juin 2023

Kambale, muchokozi mwenzangu,
Beni iko namna gani? Uko muzima? Kwangu magoti inakataa kazi, lakini mudomo inafanya kazi ya batu wawili. Balionyesha filme yenu mu ukumbi ya kanisa. Ule mutu wa kutoka mu pori, mwenye anajiangalia mu kioo na hajijue, ulimucheza muzuri; hata pasteur aliacha kusinzia. Lakini kwa nini ulimupatia jina ya kaka yako mwenye alipotea? Kwetu Banande, Mumbere ni mutoto mwanaume wa kwanza, Kambale wa pili. Hapana kuruka mustari. Mama yako Godelive alisimama katikati ya batu: "Ndiye uyu. Mutoto yangu amerudi." Sasa anamupikia sombe, ile majani ya muhogo, kila siku. Kuya huku Butembo, aone sura yako, tumalize.
Babu yako

Beni, 20 Juin

Babu,
Salamu, na pole ya magoti. Siku waasi balimubeba Mumbere kule Oicha, tulikuwa sisi wawili mu shamba ya kakao. Mimi nilikimbia. Mu filme, mimi ndiye nakamatwa. Kwa ile jina niliweza kulia. Kwa yangu, hapana. Nikikuya, nitamuambia mama nini?
Mujukuu wako, Kambale

Butembo, 2 Août

Kambale,
Unakula? Mama yako, hapana. Haukukuya, basi nilimuambia ni wewe ulicheza, ule mwenye pua mubaya kama yangu. Alinifukuza mu nyumba yenye nilijenga mimi mwenyewe. Anasema atakula tu pamoja na Mumbere. Docteur anasema hatafika mbali. Kuya. Nilikuchapa fimbo mingi juu ya kusema uongo, lakini akiita Mumbere, itika.
Babu yako

Butembo, 9 Septembre

Kambale,
Ulirudi Beni salama? Nilikuwa pale wakati mama yako alikuita Mumbere, usidanganye muzee. Uliitika. Alikula sahani mbili, nikafurahi kama mupumbavu. Kisha akakuuliza: "Na mudogo wako Kambale?" Ukasema: "Alibaki mu kakao." Nilingojea ucheke. Haukucheka.
Jana mama yako alinyoa kichwa ya kilio. Anakulilia, anakaribisha batu ba matanga, nami nakaa pale nakunywa chai ya matanga yako. Unakufa muzuri, batu ni wengi.
Tangu uende nimetuma barua mbili, chauffeur wa gari anarudi mikono mitupu. Anasema kule Beni hakuna mutu anaitika jina ya Kambale. Mama yako ameisha kukuzika. Nimebaki mimi peke yangu mwenye kukuita Kambale, na niko na miaka makumi nane na tatu.
Andika. Hata mustari moja. Hata matusi.
Babu yako