Vitabu Ndani ya Kalenda ya Kanisa

Jeppestown, Johannesburg

Mdogo wangu mpenzi Héritière,

Pokea salamu nyingi za dada yako, mwanamke mwenye bahati kuliko wote waliovuka mto Limpopo. Mimi mzima, mwili umenona, saluni imejaa, na mchumba wangu Levi, yule Mkenya wa benki ya Sandton, bado ananipeleka kula mahali ambapo hata maji yana bei tatu. Wewe je? Kikohozi cha Papa kimepoa? Mama bado anaimba korali kwa sauti ya kufukuza kuku?

Uliniomba vitabu, ukasema vya hapo shuleni unapofundisha umevimaliza. Umemwomba mtu sahihi. Mimi niliyeishia darasa la nane, leo wateja wananiita profesa. Ninakutumia vitatu kwa mkono wa Mama Jeannine, anayepanda basi la Lubumbashi Alhamisi. Anza na cha upelelezi: inspekta ni mwanamke mkali, mchana anakamata wauaji, jioni anasahau kununua mkate mpaka mke wake ananuna. Ndiyo, mke wake, umesoma sawa. Cha mizimu usikisome peke yako: wajane wawili wanapendana, wanahamia nyumba moja, na marehemu mume wa mmoja wao anakuja kugonga sahani kwa wivu. Cha nyota kina rubani wa kike anayevuka anga miaka kumi kumfuata mwanamke mwenzake. Mimi nisiyejua hata injini ya pikipiki nilielewa kila kitu.

Kilikuwepo cha nne, cha mapenzi, cha wanawake wawili washona nguo. Hicho nilikililia mpaka nikamwagia mteja begani maji ya moto ya kuchovyea misuko. Gaëlle, ninayekaa naye chumba kimoja, ndiye hunisomea nikisuka. Lakini hicho sikutumii, na sababu yake ni hii.

Tulivifunika vyote kwa kalenda ya kanisa ya mwaka jana, yenye picha ya mchungaji na mkewe, ili watu wasiulize. Akili hiyo ilikuwa yangu, nikajisifu wiki nzima. Jumatano iliyopita Shemasi Marcellin wa kanisa letu alipita saluni, akamwona mchungaji anatabasamu kwenye jalada, akadhani ni kitabu cha ushuhuda, akakichukua. Kwenye maombi akafungua katikati, akasoma kwa sauti yake ya mahubiri. Watu wakaitikia amina mara mbili. Mara ya tatu washonaji wakabusiana. Eish! Akakifunga kama kimemuunguza.

Akauliza ni cha nani. Mimi nikainama kama ninayefunga kiatu. Gaëlle akasimama akasema ni chake. Shemasi akamuuliza kama haoni aibu mbele ya watoto. Gaëlle akamjibu kwamba aliyewasomea watoto ni Shemasi mwenyewe. Mama mmoja akapiga kelele kwamba ana pepo, watu wakamcheka Gaëlle, nami nikacheka. Nilicheka kuliko wote, Héritière.

Mwenye nyumba anasali nasi. Amempa Gaëlle mpaka mwisho wa mwezi awe ametoka. Vijana wa barabarani wameanza kutufuata mpaka mlangoni, wakisema watatufundisha kupenda wanaume. Sheria ya nchi hii inaruhusu wanawake wawili kuoana, lakini sheria haikai Jeppestown. Mlango ukigongwa, ninashika mkasi. Na wiki ijayo Shemasi anakuja huko kwenye mkutano wa kanisa. Ameapa atamwambia Papa binti yake analala chumba kimoja na nani.

Gaëlle hakunigombeza. Alikunja nguo zake, akaniuliza kama ninabaki. Nimemwambia leo asubuhi kwamba siwezi kubaki, ninahama naye. Tumepata chumba mtaa wa Doornfontein. Ninaogopa huko pia, lakini kucheka vile tena siwezi.

Nakuomba, siku Shemasi atakapokuja, kaa karibu na Papa. Msalimie sana, na Mama, na majirani wote wanaonitaja kwa wema, kabla hawajabadilika. Wewe nakukumbatia, kama bado unataka.

Na huyo Levi wa benki hayupo. Nilimtunga. Miaka minne sasa ninayempenda ni Gaëlle.

Dada yako,
Jocelyne