Hatua Arobaini Kutoka Bombani

Guku,

Tangu tukuzike, babu yangu, mahindi ya nyuma ya nyumba yamekomaa, nami nimemaliza kidato cha nne. Bado nakuota ukipita mtaani na fimbo yako. Ukipita, nyumba zinageuka miti, na mabati yanakuwa majani.

Wageni bado wanatucheka. Njia zetu mbili zimenyooka, ya katikati inapinda kwa Mama Shija. Wanasema aliyeipima alikuwa amelewa. Lakini wewe uliwabebea wapimaji mnyororo wa kupimia wakati huku kote ni pori, na uliniambia: pale palikuwa na mti wenye mzinga, nyuki wakagoma kuhama, watu wakawapisha. Mti ulikufa. Kona ikabaki.

Mwezi uliopita wapimaji walirudi kunyoosha njia. Wakachora X nyekundu kwenye ukuta wa Mama Shija. Walisema jiwe la mpaka, lile ulilolisimika pamoja na wapimaji wa kwanza kuonyesha kona, likipatikana, nyumba itabaki. Lakini mvua zilishalifukia.

Mama Shija akaja kwetu analia. "Kabula, si ulikuwa unaenda na babu yako kulisalimia?"

Ndiyo, Guku. Enzi zile, kila Jumapili tukitoka kanisani. Hatua arobaini kutoka bombani, tukihesabu kwa sauti, mkono wangu ndani ya wako.

Nikatembea mbele ya mtaa mzima, macho chini. Arobaini. Wakachimba, wakakuta mchanga mtupu.

"Huyu anatuchimbisha viazi!" mmoja akasema, wakacheka.

Nilitaka kukimbia. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinitania: "Kabula, sauti umeisahau mfukoni?"

Nikaikumbuka sauti yangu ya kitoto ikihesabu kando yako, na hapo ndipo nikaelewa. Nilikuwa na miaka sita, Guku. Wewe na miguu yako mirefu ulikuwa unafupisha hatua ili zilingane na zangu. Miaka yote ile sikuwahi kuliona hilo.

Nikarudi bombani. Nikaanza upya kwa vihatua vya mtoto, mkono wa kulia nimeuinua kidogo, kama vile umeushika. Nikahesabu kwa sauti. Hakuna aliyecheka. Kwenye ya arobaini nikasema, "Hapa!" Nilishtuka mwenyewe, sauti ilivyokuwa kubwa.

Jembe likagonga jiwe.

Ile X imepakwa chokaa. Jioni moshi wa jiko la Mama Shija unapita juu ya kona, polepole, nami nawaza kwamba labda nyuki wako wanaunusa huko waliko.

Lala salama, Guku wangu. Jumapili nitampeleka mdogo wangu Limi akalisalimie jiwe. Ana miaka mitano. Nitafupisha hatua.

Kabula wako