King'ora Kimoja

Nyumbani kwa mama,
Jumapili mchana

Kwako kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimeanza kukuachia. Waambie watoto shangazi yao anawakumbuka, kila mmoja kwa vituko vyake. Huku tunapumua. Mama ni mzima wa mwili, anakula kidogo, na akiulizwa anasema hajambo. Umelalamika kwamba simu yake haipatikani na yangu inaita tu bila kupokelewa. Hukukosea. Nimekuwa naishika mkononi naitazama inavyoita. Nikianza kuyasema haya kwa mdomo nitakwama katikati, ndiyo maana nimeona bora nikae chini niandike.

Barua yangu iliyopita ilikuwa ya furaha. Nilikueleza kwamba halmashauri imeunganisha zimamoto, askari wa halmashauri na gari la wagonjwa kuwa kitu kimoja, Idara ya Usalama wa Umma. Ukanijibu kwa mkato kwamba umeendesha gari la zimamoto mpaka mgongo ukakataa, na hujawahi kuona moto unaozimwa kwa rungu. Nikakuona mtu wa zamani. Sisi tulikuwa tumechoka, kaka. Tulikuwa tunaziba mipira ya maji kwa vipande vya tairi na kupokezana buti zikiwa bado na joto la mguu wa mwenzako. Mwenyekiti alipotuita ukumbini akachora maboksi ubaoni, moja juu na matatu chini yake, akayaunganisha kwa mistari, kisha akasema kuanzia sasa mtumishi mmoja atavaa kofia tatu. Akaahidi buti mpya. Akasema na wanawake watakuwa viongozi wa zamu. Nilipiga makofi, na sikupiga kwa kuigiza.

Boksi la juu alipewa mkuu wa askari, yule yule mliyekuwa mkimwita Kirungu. Kamanda wetu, Mzee Mpira, akaambiwa atakuwa mshauri. Ushauri wenyewe wakaupa chumba kando ya stoo, chenye kiti bila meza. Siku ile ukumbini alisimama kuuliza jambo moja tu. Aliuliza kama ni lazima magari yote yatumie king'ora kimoja, kwa kuwa king'ora cha zimamoto watu wamezoea kukipisha, na angependa waendelee kukipisha. Kirungu akamjibu kwamba anayeogopa king'ora ana lake jambo. Ukumbi ukacheka. Mzee akakaa, akaendelea kufuta miwani yake ambayo haikuwa na vumbi.

Basi wakatuvisha sare za buluu nzito, sote. Gari letu jekundu wakalipaka rangi nyeupe na mstari wa buluu ubavuni, lifanane na pikapu za askari. Ungeliona ungelipita kama usiyelijua. Simu ya kituo ikahamishiwa makao makuu, anapokea binti mwenye sauti nzuri ambaye kwanza anakuuliza tatizo lako ni la aina gani. Na sisi tukapangiwa zamu: asubuhi kuondoa wafanyabiashara barabarani, mchana kusubiri moto. Mlinzi wa soko naye akaachishwa kwa maelezo kwamba kazi yake sasa inafanywa na idara. Wenye vibanda wakabaki kujilinda wenyewe, na kina mama wa upande wa mbele wakamchagua mama ashike ufunguo wa geti kubwa. Alijivunia ule ufunguo. Aliuning'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu.

Nilikwepa zamu ya soko kadiri nilivyoweza. Nilibadilishana na wenzangu, nikasingizia tumbo, nikasingizia msiba wa jirani ambaye yuko hai mpaka leo. Mwishowe Kirungu akaniita akaniambia kiongozi wa zamu hachagui mtaa. Nikaenda. Tuliingia na king'ora kikilia, maana ndiyo amri, eti kinapunguza ubishi. Vijana wetu wakaruka chini wakaanza kubeba meza, miavuli, viatu, chochote kilichokuwa nje ya geti. Mimi sikushuka. Nilikaa kiti cha mbele nikijifanya nasikiliza simu ya upepo. Mama alikuwa nje ametandaza nguo za watoto anazouza. Alinyanyua uso akaniona kwenye kioo. Alikunja zile nguo moja moja, kama anayepanga kabati, akaingia nazo ndani.

Jioni yake alinipakulia chakula kama kawaida. Tulipomaliza akaniuliza kama king'ora kile ni lazima. Nikamwambia ni amri. Akasema, "Sawa. Nikikisikia tena, nafunga geti." Nikacheka. Nilidhani ananitania, unajua mama anavyotania bila kubadilisha uso.

Moto ulizuka wiki ile ile, mchana wa jua kali, upande wa nyuma wa soko kwa mafundi cherehani. Wanasema ni waya uliochubuka. Waliopiga simu wanasema binti wa makao makuu aliwauliza jina la mtaa, jina la mtoa taarifa, na kama tatizo ni la usalama au la afya. Sisi wakati huo tulikuwa uwanja wa halmashauri tunashusha meza za watu. Ikabidi kwanza turudi kituoni kuchukua gari la maji. Njiani tuliona moshi.

Upepo ulikuwa unaupeleka moshi kule kwenye reli. Watu wa mbele walikuwa hawajaona kitu. Walichopata ni king'ora, halafu gari jeupe lenye mstari wa buluu linakata kona. Nilimwona mwanamke mmoja akiokota beseni lake na kukimbilia ndani, wakamfuata wote, wakasukuma mikokoteni nyuma ya geti. Tulipofika lilikuwa limefungwa.

Niliruka nikaanza kupiga bati kwa ngumi. Nikapiga kelele kwamba kuna moto. Kwa ndani sauti ikanijibu kwamba leo tumekuja na uongo mpya. Sauti ile ningeitambua hata nikiwa usingizini. Nikasema, "Mama, ni mimi. Kuna moto kwa mafundi." Akasema, taratibu kabisa, "Juzi pia ulikuwa wewe."

Tulisimama vile, mimi huku na yeye kule, unene wa bati tu kati yetu. Kilichofungua lile geti si maneno yangu. Ni mayowe yaliyoanza kutoka nyuma. Nikasikia ufunguo ukigonga kufuli, ukigonga, hauingii, na nje mimi namwambia taratibu mama, taratibu, kana kwamba tulikuwa na nafasi ya taratibu. Lilipofunguka tukaanza kuhamisha mikokoteni ili gari lipite.

Fundi Futi hakutoka. Unamkumbuka, yule wa mguu mbovu na futi shingoni, aliyekushonea kaptula ya shule ukubwa wa hema akisema utakua. Sare yangu hii ya buluu ndiye aliyeipunguza kiuno, maana walituletea za kiume. Aliipunguza bure, akaniambia hataki kuiona tena. Nilimkuta chini ya meza yake ya kukatia. Nilimbeba mwenyewe mpaka nje na alikuwa bado anavuta pumzi. Gari la wagonjwa likaja, wakafungua mlango wa nyuma, na humo ndani mlikuwa mmejaa miavuli na viatu vya watu, mzigo wa asubuhi ambao haujashushwa. Tukaanza kutupa viatu barabarani. Tulikuwa bado tunatupa viatu alipokata roho, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja yangu.

Halmashauri ikaunda kamati. Ukumbi ule ule, ubao ule ule, maboksi hata hayajafutwa. Kirungu alisoma maelezo yake kwa utulivu. Alisema idara ilifanya kazi kama ilivyopangwa, na kizuizi pekee kilikuwa geti lililofungwa na watu wasioitakia serikali yao mema. Hakuna aliyeuliza habari za simu. Hakuna aliyeuliza kulikuwa na nini kwenye gari la wagonjwa. Waliuliza tu nani alifunga geti. Wenye vibanda wote wakatazama chini. Kamati ikaniuliza mimi, kiongozi wa zamu, niliyekuwa wa kwanza kufika. Nikasema moshi ulikuwa mzito, sikuona mtu. Mzee Mpira alikuwa amekaa nyuma kabisa. Anajua upepo ulivyovuma siku ile. Hakunipinga.

Ndipo ninapofika kwenye lile lililonifanya nisipokee simu zako.

Mwenyekiti alitangaza kwamba kama aliyefunga hatatajwa, soko lote litafungwa mpaka atajwe. Mama akasimama. Alikuwa amevaa lile gauni lake la kanisani. Akasema, "Ni mimi. Ufunguo ninao mimi." Akauvua shingoni akauweka mezani kwao. Mjane wa Fundi Futi alikuwa amekaa karibu naye. Akavuta mkoba wake, akahama kiti.

Kirungu alitazama huku na huku ukumbini. Sheria inataka mwanamke ashikwe na mwanamke, na katika idara nzima mwanamke mwenye cheo pale alikuwa mmoja. Anajua fika ni mama yangu, kaka. Amekunywa chai kwake. Akaniambia nimsindikize mtuhumiwa hadi polisi.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kuvua shati pale pale nikalitupa juu ya meza. Hilo shati nimelivua kila siku akilini tangu siku ile. Lakini niliinuka, nikatembea mpaka alipokuwa, nikamshika mama mkono juu ya kiwiko, kama tulivyofundishwa. Mimi, kaka. Si askari mwingine.

Tulitoka kwa miguu kupitia barabara ya soko, watu wamesimama pande zote mbili. Mkono wangu ulikuwa umelegea, na mama akaniambia bila kunigeukia, "Nishike vizuri. Wanakuangalia, utafukuzwa kazi." Nikamshika vizuri. Tulipofika kaunta ya polisi yeye ndiye aliyewaeleza shida yetu.

Ameshitakiwa kwa kuzuia watumishi wa umma. Mjomba amemwekea dhamana, kesi haijaanza kusikilizwa. Simu yake imezuiwa kama kielelezo, wanataka kujua alimpigia nani siku ile. Ndiyo maana humpati. Yeye amenikataza kukuandikia, amesema niseme imeharibika.

Hasemi habari ya kufunguliwa mashitaka. Anasema habari ya Fundi Futi. Anaosha kikombe kilicho safi, anakiweka, anakirudia. Anasema alimsikia mwanawe akimwita na hakufungua. Nikimwambia kosa si lake, ananiuliza basi ni la nani, na mimi nimevaa buluu. Soko limefunguliwa tena. Idara imepata gari jipya na Kirungu amepongezwa kwenye kikao. Mimi nimeomba niondolewe kwenye zamu za asubuhi, nikajibiwa kwamba siku hizi hakuna tena asubuhi na mchana, kuna idara. Sijaacha kazi. Tukiacha sisi tuliobaki tunaojua kushika mpira wa maji, wanaoungua ni wale wale. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Amini unavyoweza.

Ukitaka kuzungumza na mama, piga kwa jirani wa upande wa kisima, atamwita. Muulize habari zake, msimulie za watoto, mchekeshe. Usimwambie kwamba umeambiwa. Mimi usinipigie kunifariji, na usinipigie kunigombeza, maana yote mawili nitayaamini.

Msalimie sana wifi, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Mjomba anakusalimu. Mzee Mpira anakusalimu, bado anakwenda kila siku kukaa kwenye kiti chake. Mama angekusalimu kama angejua naandika. Yuko uani anaanua nguo. Sare yangu ameiacha kwenye kamba.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenifundisha kazi