Nimeipiga Sakafu Pasi

Jumamosi jioni, Malaba. Mvua imenyesha tangu alfajiri, stima ilipotea saa tatu asubuhi, na magoti yangu yamevimba. Lakini roho imetulia.

Niandike ukweli kwanza, kwa sababu hapa ndipo ninapoweza kukiri bila kuchekwa. Yale madoa meupe niliyaleta mwenyewe.

Jumapili iliyopita wazee wa ukoo walikuja kubariki nyumba yangu. Sakafu ya sebuleni niliiweka kwa mikono yangu, mbao za mvule kutoka upande wa Uganda, kila ubao nikiupiga randa mwenyewe. Sisi Wateso hatubariki nyumba kwa soda. Chungu cha ajono, pombe yetu ya wimbi, kiliwekwa katikati, wazee wakakizunguka na mirija yao mirefu, na maji moto yakaongezwa kila kinapopungua. Nikajifanya mwerevu. Nililowesha gunia, nikalikunja, nikaliweka chini ya chungu kisije kikakwaruza mbao. Gunia bichi, chungu cha moto, kuanzia saa saba mpaka jua likazama.

Fundi mzima.

Jumatatu nikakuta duara jeupe kubwa kama beseni, na madoa mengine madogo pale birika lilipokuwa likitua. Nililia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira.

Baba mdogo alipitia kuchukua mrija aliousahau. Akatazama chini, akatikisa kichwa. "Mbao ni ya milango na majeneza, mama. Hii imekufa. Wiki ijayo nitaleta watu waing'oe, tupige simiti."

Kuna mwalimu wa Matayos anayejenga, na alisikia kwamba Malaba kuna mwanamke anayeweka sakafu za mbao. Aliahidi kuja leo aione ya kwangu kabla ya kuamua. Miaka minane nimetengeneza milango na vitanda, na sifa zikaenda kwa wanaume wenye karakana. Hii ingekuwa kazi ya kwanza kwa jina langu. Akikuta madoa atatafuta mwingine, na baba mdogo atamwaga simiti yake.

Wiki nzima nilikuwa Busia kwenye kazi ya milango, nikirudi giza limeshaingia. Nafasi niliyokuwa nayo ni leo tu.

Doa jeusi huwa limeshaingia kwenye mbao. Doa jeupe ni unyevu tu, umekwama ndani ya vanishi, na joto kidogo linautoa. Unatandika kitambaa kikavu cha pamba, unapitisha pasi ya vuguvugu, unainua, unaangalia. Lakini bila stima nilibaki na pasi ya makaa, na pasi ya makaa haina kitufe cha kupunguza moto. Ikizidi, vanishi inachemka, na hapo baba mdogo anakuwa amesema kweli.

Nilijaribu kwanza nyuma ya mlango. Vanishi haikuungua. Nikahamia katikati.

Mama alileta mkeka mara mbili ili tufunike. Nikaurudisha mara mbili. Sikuweka sakafu ili niifiche.

Baba mdogo alifika saa saba kujikinga mvua. Akaketi karibu na mlango, akauliza kama siku hizi sakafu zinavaliwa kanisani, ndiyo maana nazipiga pasi. Duara lilikuwa likififia pole pole, na palipobaki kivuli nilisugua kwa majivu laini na mafuta ya kupikia, nikifuata mistari ya mbao, kisha nikapangusa. Baada ya muda akasogeza kiti chake karibu atazame.

Mwalimu aliingia nikiwa bado chini, doa moja limebaki. Ningeweza kulikalia. Nilimwonyesha, nikamsimulia yote, na gunia pia. Akavua viatu vyake vya matope, akaomba kitambaa, akapiga magoti kando yangu. Aliliondoa mwenyewe, mimi nikimshika mkono asizidishe.

Halafu akasimama, akatembea sebule yote kwa soksi. Akamgeukia baba mdogo, kama watu wanavyofanya kila kukiwa na mwanamume chumbani, akamuuliza sakafu ya nyumba anayojenga itachukua wiki ngapi.

Baba mdogo akafungua mdomo. Nilimkazia macho bila kupepesa. Akaangalia chini pale palipokuwa na duara, akaniangalia mimi.

"Muulize fundi," akasema.

"Wiki tatu, mwalimu," nikasema. "Jumatatu naja kupima."