Chura Asiye na pa Kumshusha Mtoto

Jumanne, usiku

Yule chura baba ameniudhi kutwa nzima, na kosa si lake. Tangu asubuhi anazunguka ndani ya boksi la kioo pale mapokezi, kiluwiluwi wake kamng'ang'ania mgongoni, na hana pa kumweka. Vyura hawa wadogo kama kucha hubeba mtoto mgongoni, na kawaida humpeleka kwenye maji yanayotuama katikati ya majani. Jana meneja aliniambia nimwage maji yote yaliyosimama hotelini kwa sababu wageni wanalalamikia mbu. Nikamwaga na hayo. Sikufikiri.

Wageni walimpiga picha. Wanasema anapendeza.

Mchana dada Paskalina akapiga simu kutoka Dar. "Mama hawezi tena kukaa na Neema, mgongo umemshinda. Njoo umchukue mwanao."

Nimlete wapi? Kwenye vyumba vya wafanyakazi watoto hawaruhusiwi. Na nikiacha kazi, atakula nini? Nilimwambia nitakuja Jumapili, nikakata simu kabla hajaniuliza nitampeleka wapi.

Jioni nilijaza maji ya mvua kwenye kifuniko cha chupa, nikakipachika kati ya majani. Chura alikizunguka, akaondoka, akarudi. Mwishowe akaingia, akatulia humo muda mrefu. Alipotoka, mgongo wake ulikuwa mtupu.

Nilisimama pale mpaka meneja akaniita mara ya pili. Akauliza nashangaa nini. Ningemwambiaje kwamba namwonea chura wivu?